Uraibu wa Mwalimu wa Sanaa: Dhana Potofu na Ukweli

Neno uraibu lina maana mbili katika Kiswahili: mazoea ya kutumia kitu, hasa kileo, hadi mtu akashindwa kukiacha, na shughuli ambayo mtu huifanya kwa kujifurahisha baada ya kazi. Maana hizo mbili huchanganywa katika vyumba vya walimu, ambako mwalimu wa uchoraji anayefuga njiwa au kushona kofia huonekana kama mtu anayeiibia kazi yake muda. Makala haya yanalitumia neno hilo kwa maana ya pili.

Dhana: Mwalimu wa sanaa hachoki, kwa kuwa kazi yake yenyewe ni burudani.

Aliyewahi kufundisha uchoraji kwa wanafunzi hamsini wenye brashi kumi hawezi kuiamini dhana hii. Sehemu kubwa ya kipindi huishia katika kugawa karatasi, kuzimua rangi iliyobaki ili iwafikie wote, na kufuta meza kabla mwalimu wa hisabati hajaingia. Anachokichora mwalimu mwenyewe ni mfano wa ubaoni, nao hufutwa kengele inapolia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba uchovu wa kazini si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu wa kazi usiodhibitiwa ipasavyo, na kwamba una sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kupungukiwa na ufanisi. Kwa mwalimu wa sanaa sura hiyo ya tatu huonekana ukutani, pale picha za mwaka huu zinapofanana na za mwaka jana kwa sababu mifano yake ni ileile. Ni haki kuongeza kwamba uraibu haununui brashi wala haupunguzi idadi ya wanafunzi, na mwajiri asiugeuze kuwa kisingizio cha kutofanya yaliyo juu yake.

Dhana: Uraibu wenye manufaa kwa mwalimu wa sanaa ni ule wa sanaa hiyohiyo anayoifundisha.

Wafaransa wana msemo wa "fidla ya Ingres", wenye maana ya shughuli aipendayo mtu nje ya taaluma yake. Msemo huo unatokana na mchoraji Jean-Auguste-Dominique Ingres (1780–1867), aliyekuwa na wanafunzi wengi na aliyependa kupiga fidla. Mfano ulio wazi zaidi, hata hivyo, ni wa mchoraji Paul Klee. Klee alizaliwa Uswisi mwaka 1879, baba yake akiwa mwalimu wa muziki na mama yake mwimbaji, na akiwa kijana alikaribia kuchagua fidla badala ya brashi. Alichagua brashi, lakini fidla hakuiweka chini. Alipofundisha katika chuo cha sanaa cha Bauhaus nchini Ujerumani, kuanzia 1921 hadi 1931, aliandika maelfu ya kurasa za maandalizi ya masomo, na ndani yake muziki unarudi tena na tena: mapigo yanalinganishwa na mgawanyo wa nafasi kwenye karatasi, na kipande cha muziki wa mtunzi Bach kinachorwa kwa mistari minene na myembamba ili mwanafunzi aone kwa macho jinsi sauti moja inavyoipokea nyingine. Kwa hiyo fidla ilimpa lugha ya kueleza mdundo wa picha ambayo uchoraji peke yake haukuwa nayo.

Klee, bila shaka, alikuwa mpigaji hodari, na ubingwa wa namna hiyo si sharti. Kwa maoni yangu faida iliyo kubwa zaidi humfikia mwalimu pale anapokuwa hajui. Tuchukue mwalimu aliyezoea mkono wake umtii, akaketi barazani kwa bibi anayesuka ukili wa mkeka. Miaa inamkatikia, kingo zinapinda, na mwaa wa rangi ukiingizwa kabla ya hesabu yake, nakshi nzima inapotea. Bibi anafumua pasipo kusema neno na kumrudisha mwanzo. Mwalimu huyo, akiambiwa Jumatatu na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, "Mwalimu, mimi sijui kuchora," atalisikia jambo ambalo pengine hajalisikia tangu alipokuwa chuoni. Hatamjibu tena kwamba kuchora ni rahisi. Ataketi karibu naye na kutafuta mahali hasa ambapo mkono umekwama, kama yeye alivyotafutiwa.

Dhana: Uraibu usioingiza fedha ni kupoteza muda.

Mshahara wa mwalimu unaifanya dhana hii ieleweke, na hakuna aibu katika kuuza kofia. Lakini kofia zinazoshonwa kwa oda, zenye mteja anayepiga simu kila jioni, zimekwisha kuwa kazi ya pili, na haziwezi kutarajiwa kumpumzisha mtu kutokana na ile ya kwanza. Liko jaribio mashuhuri linalomhusu mwalimu wa sanaa moja kwa moja. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Watoto walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, na wakakipata, walipoachwa huru siku za baadaye walizitumia kalamu hizo kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Mwalimu ambaye kila picha mbele yake inasubiri alama anahitaji, walau mahali pamoja, kufanya jambo lisilosahihishwa na mtu.

Dhana: Kila anachojifunza mwalimu katika uraibu wake lazima akilete darasani.

Hapana. Kikija chenyewe, vema. Uraibu uliogeuzwa kuwa maandalio ya somo umerudi kuwa kazi.

Dhana: Uraibu ni wa wenye fedha na nafasi.

Suala la fedha ni jepesi, kwani bao linaweza kuchezwa kwa vishimo vya ardhini na kete za kokoto. Suala la nafasi si jepesi hata kidogo. Nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha kwa kuanzia, lakini kwa mwalimu wa kike anayetoka darasani na kuingia jikoni, hata hiyo nusu saa haipatikani kwa uamuzi wake peke yake. Inamhusu pia yule aliyeketi sebuleni akingoja chakula.