Dawa ya kichwa nayo huumiza kichwa

"Kichwa hakiachi, basi dozi haitoshi." Wengi hufikiri hivyo, wakaongeza vidonge. Mara nyingi mambo ni kinyume. Mwenye kipandauso (migraine, maumivu makali ya kichwa yanayojirudia) anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, yaani vyenye dawa ya maumivu pamoja na kitu kingine kama kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo.

Soma nyuma ya pakiti: Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini kwa kidonge. Meza viwili saa tatu usiku, ni kama umekunywa kahawa, halafu unalalamika usingizi hauji! Na kukesha nako huchochea kipandauso.

Ila maumivu makali ya upande mmoja, kuzunguka jicho linalotoa machozi, yanayokuamsha usiku karibu saa ileile na kudumu dakika 15 hadi saa 3, huenda ni ugonjwa mwingine: klasta. Huo hutulizwa kwa oksijeni au sindano ya sumatriptani, parasetamoli haiuwezi.

Ukipunguza vidonge, siku za kwanza kichwa huzidi kuuma. Panga na daktari, hasa kama dawa yako ina kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni.