Je, wajua kwa nini kill -9 haiui prosesi zombi?

Umefungua top, amri ya Linux inayoonyesha prosesi (programu zinazoendeshwa kwenye mashine), pale juu unaona 1 zombie, unatafuta PID yake (namba ya prosesi) unaipiga kill, haitoki, unapiga kill -9 ukijua hii sasa lazima iondoke, wapi, bado ipo tu. Haifi kwa sababu imeshakufa zamani.

Iko hivi. Kwenye Linux kila prosesi ina mzazi. Mtoto akimaliza kazi, kerneli (kiini cha mfumo) inachukua memori yake yote na kufunga mafaili aliyokuwa ameyafungua, ila inabakiza mstari mmoja kwenye jedwali la prosesi, una PID na namba ya kuonyesha alimalizaje, 0 kama ni salama, nyingine kama kuna kitu kilienda kombo. Mzazi anatakiwa aje ausome kwa kuita wait(), akishausoma tu unafutwa. Sasa kama aliyeandika ile programu hakuweka hiyo wait, mstari unabaki pale pale, na ndo hiyo zombi, kwenye ps (amri ya kuorodhesha prosesi) utaiona ina herufi Z na neno defunct.

Kill kazi yake ni kutuma signali tu, yaani ujumbe wenye namba kwa prosesi. Usipotaja namba inatuma 15, hiyo ni kuomba kistaarabu na programu inaweza hata kuipuuza. 9 haipuuziki, ila zombi haina tena kitu cha kuuliwa.

Kwa hiyo mbane mzazi. Andika ps -eo pid,ppid,stat,comm, angalia PPID (PID ya mzazi) ya yule mwenye Z, huyo ndo wa kushughulika naye. Kama ni huduma (programu inayoendeshwa nyuma ya pazia), kuiwasha upya kwa systemctl restart inatosha: mzazi akiondoka, yatima kwa kawaida wanachukuliwa na PID 1, prosesi ya kwanza kabisa kuanza, mara nyingi ni systemd, nayo inawasafisha fasta.

Zombi moja mbili wala zisikunyime usingizi, hazili CPU. Zikiwa maelfu hapo sawa, maana PID zina kikomo (cat /proc/sys/kernel/pid_max, mashine nyingi utakuta 32768 au 4194304) na zikiisha hakuna prosesi mpya inayoanza.

Mimi naogopa zaidi herufi D pale kwenye stat. Hiyo iko hai ila imekwama inasubiri diski, hata 9 inangoja foleni mpaka diski ijibu, na load (kipimo cha prosesi zinazofanya kazi au kusubiri) inapanda wakati CPU imekaa bure.