Eti pikipiki kubwa ni salama ukienda polepole

Hapa Goma wengi huamini kuwa pikipiki yenye injini kubwa haina shida kwa anayejifunza, mradi asiwe na haraka. "Nitaenda polepole," kijana husema, na wazazi hutulia. Sivyo, na imani hii inaumiza watoto wetu.

Pikipiki zenye injini ya ukubwa wa cc 125, kama nyingi za wamotari wetu wanaobeba abiria, hutoa takriban nguvu za farasi 10. Za mashindano za cc 600 hupita 100. Mkono ukizungusha kishikio cha mafuta kupita kiasi, hata kidogo tu, ndogo huunguruma na kusogea. Kubwa huruka mbele kabla hujafikiri. Tena mawe ya volkano kwenye barabara zetu humtikisa mwendeshaji mwili mzima. Asiye na uzoefu akirushwa nyuma hukaza kishikio asianguke, na mkono ukivutwa hivyo, mafuta huongezeka bila yeye kukusudia. Hapo ahadi ya kwenda polepole haimsaidii.

Breki nazo, kubwa ikisharuka hivyo: mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama tangu kufunga breki huwa karibu mara nne.

Aanze na ndogo, hata kama mjomba amempa kubwa bure.