Si ada nono inayomfurahisha wakili

Wengi huamini kwamba wakili mwenye furaha ni yule mwenye kipato kinono na jina lake kwenye kibao cha kampuni. Sivyo. Mwaka 2015 Lawrence Krieger, profesa wa sheria, na Kennon Sheldon, mwanasaikolojia, walichapisha utafiti wa mawakili zaidi ya 6,000 wa Marekani. Kwenye kipimo kinachoishia 1, uhusiano wa kipato na furaha ulikuwa 0.19 tu, uhuru wa kuifuata dhamira yako kazini, 0.66, ukaribu na watu, 0.65. Mawakili wa utumishi wa umma, wenye malipo madogo, walikuwa na furaha kuliko wenzao wa kampuni kubwa, tena hawakunywa pombe nyingi kama wao.

Kwenye huo ukaribu ndipo ninapoiona shukrani. Mjane aliyerudishiwa shamba lake alikuja ofisini na nazi mbili kikapuni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Ahsante, mwanangu." Ada ya kesi ile ilikwisha zamani kwenye kodi ya pango. Mikono ile bado naikumbuka. Siku hizi hukumu ikitoka, wa kwanza ninayempigia simu ni karani aliyekesha akipanga majalada.