Pikipiki ya umeme: ya zamani iliyotumika au mpya zaidi?

Mwaka wa kutengenezwa hauniambii mengi. Kwanza nataka kujua betri imebakiwa na uwezo wa kuhifadhi kilowati-saa ngapi za umeme, na kama vipuri vyake bado vinapatikana. Mota yenye beringi nzima hudumu miaka mingi bila kuguswa. Betri haina subira hiyo: huchakaa kwa kuchajiwa na huchakaa kwa umri tu, tena haraka zaidi ikihifadhiwa imejaa chaji mahali penye joto.

Ndiyo maana odomita yenye kilomita chache hainifurahishi sana. Pikipiki ya miaka tisa iliyoendeshwa mara kwa mara naiamini kuliko mwenzake wa umri huohuo aliyelala miezi na betri tupu. Betri hujengwa kwa seli nyingi ndogo; seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka katika kimiminika cha seli, na ikija kuchajiwa inaweza kupiga shoti.

Asilimia inayoonyeshwa kwenye dashibodi si kipimo cha afya ya betri. Iendeshe mpaka ibaki asilimia 10, iache ipoe saa moja, kisha ichaji hadi ijae kupitia mita ya umeme ya kuchomeka ukutani. Tuseme betri iliuzwa ikiwa na kilowati-saa 7.2 na mita imesoma 6.1. Chaja hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15. Toa asilimia 12, inabaki 5.4. Hiyo ni asilimia 90 ya betri, kwa hiyo nzima ni kama 6, yaani asilimia 83 ya uwezo wake wa awali. Kwa umri mkubwa hiyo ni nzuri. Ikiwa chini ya 70, mimi naipigia hesabu kana kwamba betri haipo, na bei ishuke ipasavyo. Angalia pia unagawa kwa namba gani: pikipiki ya Zero modeli ya SR/F ya kwanza ilitangazwa kuwa na 14.4, lakini uwezo wake wa kawaida ni 12.6. Muuzaji atakutajia ile kubwa.

Kama mfumo wa kusimamia betri unasomeka kwa simu au kompyuta, linganisha volti za makundi ya seli. Ikijaa, tofauti ya volti 0.02 ni ya kawaida, ikipita 0.1 kuna kundi linaloelekea kufa. Rudia ikiwa imebaki asilimia 20, maana kundi dhaifu hujificha juu na kujianika chini. Kisha vuta ekseleta kwa nguvu kwa sekunde chache. Pikipiki ikikata moto au ikijipunguzia nguvu ghafla, umeshapata jibu.

Sasa geuza kilowati-saa kuwa kilomita. Mjini pikipiki kubwa hula takriban wati-saa 50 kwa kilomita. Kwa kasi ya 110 hula kama 95, kwa sababu ya upepo. Ile betri ya 6 itakupeleka kilomita 120 mjini na 63 tu barabara kuu. Kwa mtu wa safari fupi, ya zamani inatosha kabisa. Kwa safari ndefu, mpya inashinda kwa chaji pia: chaja za kilowati 1.3 zilizokuwa ndani ya pikipiki nyingi za zamani huchukua usiku mzima, ilhali SR/F ya 2019 iliuzwa na chaja ya 3 au 6.

Upya wenyewe si dhamana. Kampuni ya pikipiki za umeme ya Alta ilifunga 2018. Nyingine, Energica, ilifilisika 2024, na pikipiki zake nyingi zilikuwa bado changa. Kabla ya kulipa, tafuta bei ya kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota), chaja na betri nzima ya modeli hiyo, na uulize kama fundi wa nje anaweza kuiunganisha betri mpya bila programu ya kiwandani. Kontrola isiyopatikana inaua pikipiki nzima, hata mota ikiwa safi.

Ya zamani sana yenye betri za risasi na asidi, kama za magari, nunua kwa ajili ya fremu tu. Ukiiwekea lithiamu, badilisha na chaja: chaja ya risasi ya volti 72 hupanda hadi kama 88, na betri ya lithiamu yenye makundi 20 ya seli zinazojaa kwa volti 4.2 hutakiwa kuishia 84.

Kagua pia soketi ya chaji (plastiki iliyoyeyuka ni ishara ya mguso mbovu), nyaya nene tatu za mota, na kasha la betri; likivimba, ondoka. Mota ikitetemeka wakati wa kuanza, huenda sensa zake au waya wake vina hitilafu, na hiyo mara nyingi ni kazi ndogo. Kwa pikipiki mpya zaidi, hakikisha muuzaji anaiondoa kwenye akaunti yake ya programu mbele yako, na dhamana inahamia kwa mmiliki wa pili kwa maandishi.