Bamba Nene Halitoshi Kuikinga Chipu ya Angani

Tangu Taifa-1, satelaiti ya Kenya, irushwe Aprili 2023, mazungumzo ya satelaiti yamenoga Nairobi, na hoja moja haikosekani: vifaa vya angani hukingwa dhidi ya mionzi kwa kuvikwa bamba nene la alumini, basi.

Si kweli. Bamba huzuia elektroni nyingi na protoni dhaifu, lakini ayoni nzito za miale ya kosmiki hupenya, na bamba likizidi unene laweza hata kuzalisha chembe nyingine. Kazi kubwa hufanyika ndani ya chipu.

Itazame PLL, saketi inayotoa mapigo ya saa ya chipu. Osileta yake, sehemu inayotetema kutoa mapigo hayo, hufuata volteji iliyohifadhiwa kwenye kapasita, kijihazina cha chaji, kama matatu inavyotii mguu wa dereva. Chembe moja ikigonga pampu ya chaji inayoilisha kapasita hiyo, volteji huruka, masafa huyumba, na kila kinachotegemea saa hiyo chaweza kukosea hadi saketi ijirekebishe. Hakuna biti ya kumbukumbu iliyogeuka, ndiyo maana hatari hii husahaulika.

Vigawanyi vya masafa vya PLL, ambavyo ni vya kidijitali, hujengwa vitatu vitatu, kisha hupiga kura: jibu la wengi ndilo hufuatwa. Osileta, ambayo ni ya analogi, haitibiki kirahisi hivyo. Huongezewa mkondo, au kapasita hukuzwa, ili pigo liiyumbishe kidogo. Gharama yake ni umeme na nafasi. Transista ndogo za kisasa, kwa oksidi yao nyembamba, kwa kawaida huvumilia dozi ya jumla, yaani mionzi inayolimbikizana kwa muda, zaidi kuliko za zamani. Pigo la chembe moja ndilo huzitikisa, maana chaji inayobebwa nazo ni kidogo.