Je, wajua kwa nini kukata ekzosi hakuongezi nguvu ya baiskeli ya injini?

Mtu aliyefunga injini ndogo kwenye baiskeli hachelewi kuuliza aanze kuboresha nini: kabureta, kichwa cha silinda, sproketi au ekzosi. Mimi swali hilo nililijibu kwa msumeno wa chuma. Nilikata ekzosi juu kidogo ya sailensa, kwa hoja iliyoonekana haina dosari: moshi ukitoka bila kizuizi injini itapumua vizuri, na injini inayopumua vizuri huwa na nguvu. Baiskeli ilinguruma kiasi cha kuwatawanya kuku wa jirani, nami nikaamini kwamba sasa inakimbia. Siku chache baadaye nilipima kwa saa ya simu kwenye mwinuko wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, na muda ukawa mrefu kuliko ule wa awali. Ni kipimo kimoja tu, tena cha siku ya upepo wa Agosti, ambao wakazi wa hapa wanaufahamu. Lakini plagi iliyotoka imepauka kama chokaa, dalili ya petroli pungufu ndani ya silinda, ilikuwa shahidi wa pili.

Injini zenyewe ni za mipigo miwili, na huchoma petroli iliyochanganywa na oili. Nyingi huuzwa kwa jina la cc 80, ingawa silinda ya kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 hutoa cc 66 tu. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu ya maandishi ya kwenye boksi.

Kosa langu lilitokana na kufikiri kwa kufuata pikipiki za bodaboda, ambazo kwa sehemu kubwa ni za mipigo minne na zina vali zinazofungua na kufunga njia za hewa kwa wakati wake. Injini ya mipigo miwili ya aina hii haina vali katika silinda. Ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyaziba na kuyazibua inapopanda na kushuka. Pistoni inapopanda, tundu la kuingizia mchanganyiko mpya hufungwa kwanza, na tundu la kutolea moshi hufungwa mwisho. Katikati ya matukio hayo mawili upo muda mfupi ambapo mlango wa kutokea uko wazi, wa kuingilia umefungwa, na petroli ambayo haijaungua inaweza kujiondokea.

Chukua mfano wa daladala yenye milango miwili. Abiria wapya wanaingia kwa mlango wa mbele, wa zamani wanashuka kwa mlango wa nyuma, na kwa sababu wote wamo mbioni, baadhi ya wapya wanasukumwa moja kwa moja hadi nje ya mlango wa nyuma kabla hawajakaa. Gari linaondoka na viti vitupu ilhali nauli imeshalipwa. Kinachohitajika ni konda aliyesimama nje ya mlango wa nyuma, anayewavuta wa zamani washuke upesi, kisha anageuka na kuwarudisha ndani wapya waliopitiliza, sekunde ileile kabla mlango haujafungwa. Mimi, kwa msumeno wangu, nilimfukuza konda.

Inawezekanaje bomba tupu lifanye kazi ya konda? Jibu ni mwangwi. Tundu la moshi linapofunguka, mgandamizo hutoka kwa kishindo na kusafiri ndani ya bomba. Kikikutana na sehemu inayozidi kuwa nyembamba, kishindo hurudi kama sauti inavyorudi ukipiga kelele mbele ya majabali yanayozunguka mji huu: msukumo umekwenda, msukumo umerudi. Sehemu inayozidi kupanuka hufanya kinyume, nayo hurudisha mvuto. Hapa mfano wa jabali unaishiwa nguvu, kwa kuwa hakuna jabali linalokujibu kwa kukuvuta. Ekzosi iliyopangwa kitaalamu kwa hiyo hupanuka kwanza, ili ivute moshi, halafu husinyaa kama faneli iliyogeuzwa, ili isukume petroli irudi ndani.

Kila kitu kinategemea wakati. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10. Tundu la moshi likiwa wazi kwa nyuzi 160 kati ya 360, konda ana milisekunde zipatazo 4.4 za kufanya kazi zake zote. Katika moshi wa moto kishindo husafiri karibu mita 500 kwa sekunde, maana yake ni mita 2.2 za kwenda na kurudi, yaani sehemu ya kusinyaa iwe karibu mita 1.1 kutoka kwenye pistoni. Kwa mizunguko 9,000 umbali huo hushuka hadi karibu sentimita 74. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu joto la moshi hubadilika, lakini inaonyesha kwa nini bomba moja haliwezi kufaa kwa kila mwendo.

Aliyeigeuza elimu hii kuwa ushindi ni mhandisi Walter Kaaden wa MZ, kampuni ya pikipiki ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka na kuipeleka siri hiyo Suzuki, na mwaka 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za cc 50 akiwa na kampuni hiyo. Ni mara chache umbo la bomba la moshi limekuwa siri inayofaa kutoroshwa.

Sasa, ubadilishe nini? Ekzosi ya kawaida ya baiskeli hizi ni bomba na sailensa tu, kwa hiyo konda wake ni mvivu, na bomba lililopangwa vizuri ndilo linaloweza kuleta tofauti kubwa. Ila nguvu yake huja katika mizunguko ya juu, na anayebeba madumu ya maji kutoka Nkuhungu hataifikia mara nyingi. Kwake sproketi ina faida zaidi. Kwa meno 10 ya mbele na 44 ya nyuma, gia ya ndani ya 4.1 kwa 1 na gurudumu la inchi 26, mizunguko 5,000 hutoa kama kilomita 34 kwa saa. Ukiweka meno 36 nyuma unapata kilomita 42, kwa gharama ya uvivu mlimani. Kabureta kubwa peke yake ni hasara, kwa sababu tundu la kuingilia halijaongezeka, na breki za baiskeli zinapaswa kushughulikiwa kabla ya lolote kati ya haya.

Kuna jambo la bei ndogo zaidi. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi. Jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli, iliyopangwa kwa ajili ya pwani huenda ikamwaga petroli nyingi mno hapa. Plagi huwa nyeusi na yenye mafuta, na injini hukohoa. Jeti ndogo kidogo huponya hilo. Bomba jipya, hata hivyo, hujaza silinda vizuri zaidi na hudai petroli zaidi, kwa hiyo anayefunga vyote viwili hupaswa kuanza na jeti kubwa, akimbize umbali wa kutosha, azime injini bila kupunguza mwendo, kisha afungue plagi. Rangi ya kahawia ya udongo wa hapa inatosha. Ikiwa nyeupe kama yangu, jeti iwekwe kubwa zaidi.